Mti Mama Ukifa, Chupa Haina Cha Kukuza: Maelezo Kuhusu Kuzalisha Mimea ya Dawa kwa Tishu Kalcha

Haya ni maelezo yaliyotolewa na afisa wa kilimo wa nyanjani mbele ya wakulima, waganga wa tiba asilia na vikundi vya akina mama huko Msambweni. Tunayachapisha ili wananchi ambao hawakuweza kufika nao wayapate.

 

Nianze na kisa cha nyumbani. Nilipokuwa mtoto, bibi yangu alikuwa akinituma kwenye mjafari uliokuwa nyuma ya shamba letu. Wengi wenu mnaujua mti huo. Shina lake lina vigutu vyenye miiba, na majani yake ukiyafikicha yananukia kama ndimu, maana ni wa jamaa moja na ndimu na mchungwa. Kila mara aliniambia, "Leta majani, mjukuu wangu, lakini usivunje tawi." Bibi ametangulia mbele ya haki. Nilipokwenda kuutazama mti ule miaka michache iliyopita, niliukuta umesimama mkavu. Ulikuwa umebanduliwa magome pande zote, kuanzia chini hadi pale mkono wa mtu unapofika.

Aliyebandua simjui, na sikuja hapa kumlaumu. Huenda alikuwa na mgonjwa nyumbani. Lakini leo mtu wa kijiji chetu akiutaka mjafari, inambidi atembee mbali sana, na akifika huko pengine atafanya vilevile. Ndiyo maana nimekuja kuzungumza nanyi kuhusu kuzalisha mimea ya dawa, na hasa njia ya maabara inayoitwa tishu kalcha. Nitawaeleza inavyofanya kazi, inafaa kwa mimea gani, na kitu gani haiwezi kutufanyia.

Kwa nini mti hufa

Chakula cha mti hutengenezwa kwenye majani, kisha hushuka hadi mizizini kupitia sehemu laini iliyo chini ya gome. Ukibandua gome upande mmoja tu, mti unaweza kuponya kidonda chake. Ukibandua kuzunguka shina lote, umekata njia ya chakula. Majani yanaweza kubaki ya kijani kwa muda, lakini mizizi ina njaa na hatimaye mti hukauka. Kung'oa mzizi mkuu ni hatari zaidi.

Zamani waganga walijua hili. Walichukua kidogo, walibadilisha miti, na mizizi walichimba upande mmoja kisha wakafukia. Siku hizi wanunuzi ni wengi, dawa zinauzwa kwa magunia mjini, na anayevuna mara nyingi si mganga. Ni kijana aliyelipwa kwa uzito wa gunia, naye hana sababu ya kubakisha.

Jambo ambalo mnalijua tayari

Msiogope jina la tishu kalcha, maana msingi wake mnaujua. Mkulima wa muhogo hapandi mbegu. Anakata kijiti chenye macho, anakifukia, na muhogo unaoota ni ule ule wa mama yake. Akina mama wa Kibuyuni wanaolima mwani nao hukata kipande, wakakifunga kwenye kamba na kukirudisha baharini, na kile kipande kikakua kikawa kichaka. Mmea una uwezo ambao wanyama wengi hawana: kipande chake kidogo kinaweza kujijenga upya kikawa mmea mzima.

Tishu kalcha ni jambo hilo hilo, ila kipande chenyewe ni kidogo sana, pengine hakifiki ukubwa wa punje ya mchele, na hakipandwi udongoni. Kinapandwa ndani ya chupa safi. Mwanasayansi wa Austria, Gottlieb Haberlandt, alitoa wazo hili mwaka 1902. Mchanganyiko wa chakula cha mimea unaotumika zaidi katika chupa hizo hadi leo ulitangazwa mwaka 1962 na Toshio Murashige na Folke Skoog, waliokuwa wakichunguza tumbaku huko Wisconsin, Marekani. Hapa Kenya wakulima wa ndizi wameijua njia hii tangu miaka ya 1990. Kama umewahi kununua mche wa mgomba uliotoka maabara, ulinunua mmea uliozaliwa ndani ya chupa.

Kazi inavyofanyika ndani ya chupa

Kwanza huchaguliwa mti mama. Ni lazima uwe mzima, na uwe umetambuliwa sawasawa na mtu anayeujua, kwa sababu ukikosea mti mwanzoni utazalisha kosa hilo mara elfu. Hukatwa ncha changa ya tawi yenye jicho. Ncha hiyo huoshwa kwa maji na sabuni, kisha kwa spiriti, kisha kwa dawa ya klorini kama ile mnayong'arishia nguo nyeupe, halafu husuuzwa mara kadhaa kwa maji yaliyochemshwa kabisa.

Usafi huo wote una sababu. Ndani ya chupa kuna chakula kitamu: madini ya mimea, vitamini, na sukari kiasi cha gramu 30 kwa kila lita. Vyote hugandishwa kwa agari, ambayo hutokana na mwani, ingawa si aina ile inayolimwa Kibuyuni. Ukungu na bakteria wanakipenda chakula hicho kuliko hata mmea wenyewe. Chembe moja ya ukungu ikiingia, chupa yote inaoza. Kwa hiyo chupa na chakula chake hupikwa kwa mvuke wenye presha kwenye nyuzi joto 121, kama mnavyopika maharagwe kwenye sufuria la presha.

Kisha huja homoni. Aina moja huuambia mmea utoe machipukizi mengi, na aina nyingine huuambia utoe mizizi. Chupa hukaa kwenye chumba chenye mwanga wa taa na joto la wastani. Kila baada ya wiki nne hivi machipukizi hugawanywa na kuhamishiwa chupa mpya. Hebu tupige hesabu. Kama kila chipukizi litatoa matatu kila mwezi, moja litakuwa 3, kisha 9, kisha 27, na baada ya miezi sita yatakuwa 729. Hiyo ni hesabu ya karatasini, maana mengine huoza na mengine hukataa kukua. Hata hivyo mnaona kwa nini watu wameipenda njia hii.

Hatua ya mwisho ndiyo inayowashinda wengi. Mche uliokulia kwenye chupa umezoea unyevu na kulishwa sukari. Ukiutoa ghafla ukaupeleka kwenye jua la Msambweni wakati wa kaskazi, utanyauka siku hiyo hiyo. Lazima uoshwe ile agari, upandwe kwenye mchanga safi, ufunikwe kwa nailoni chini ya kivuli, kisha ufunuliwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kazi hii ya kuzoesha miche inahitaji mikono yenye subira, na vikundi vyenu vyenye vitalu vinaweza kuifanya.

Swali la mzee

Kabla hatujaanza, mzee mmoja alinivuta kando akaniuliza, "Mwanangu, hii si ndiyo GMO?" Naam, mzee wangu, ni swali zuri, na jibu ni hapana. GMO ni mmea ulioingiziwa au kubadilishiwa jini kwa makusudi ndani ya maabara. Katika tishu kalcha tunayoizungumzia hakuna kinachoingizwa kwenye jini za mmea. Mtoto hufanana na mama, kama kijiti cha muhogo kinavyofanana na shina kilikotoka.

Mti upi, njia ipi

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoweza kupoteza fedha. Si kila mmea unahitaji maabara, na mingi haihitaji.

Mwarobaini huota kwa mbegu, mradi uzipande zikiwa mbichi, maana zikikaa hupoteza nguvu upesi. Mbuyu una mbegu zenye ganda gumu; zimwagie maji ya moto, uziache usiku kucha, kisha panda. Mzunze ukikata tawi na kulichomeka ardhini huchipua. Mshubiri hutoa watoto pembeni mwenyewe. Mchunga, ambao sisi huku tunaula kama mboga, husambaa kwa mizizi yake chini ya ardhi. Mtu akikuuzia miche ya maabara ya mimea hii kwa bei kubwa, muulize sababu.

Ile inayokataa mbegu tuijaribu kwanza kwa vipandikizi. Kuna sanduku la kuoteshea lisilohitaji umeme: fremu ya mbao, nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, na ndani mawe, kokoto na mchanga kwa tabaka, na maji chini. Unyevu hubaki ndani na vijiti huota mizizi. Kituo cha KEFRI kilicho Gede, Kilifi, kinashughulika na miti ya pwani yetu, na kikundi kinaweza kwenda huko kutafuta ushauri.

Maabara inafaa pale njia hizo mbili zinaposhindikana, au pale miti mama iliyobaki ni michache sana. Mfano ni jamaa ya miti inayoitwa Warburgia. Ule wa bara Wakikuyu huuita muthiga, na gome lake kali hutumika kwa kikohozi na maumivu ya meno. Mbegu zake hazivumilii kukauka, kwa hiyo haziwezi kuwekwa ghalani kama mahindi. Watafiti wamechapisha matokeo ya kuukuza mti huo kwenye chupa. Ndugu yake, Warburgia stuhlmannii, hupatikana katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania tu, na umeorodheshwa kimataifa miongoni mwa miti iliyo hatarini. Mti kama huo ndio wa kufikiriwa. Hata mjafari wa bibi yangu, ambao mbegu zake huota kwa shida, unastahili kujaribiwa.

Lakini nisiwadanganye. Miti migumu yenye dawa ina matatizo yake. Zile kemikali zinazoifanya iwe dawa hutoka kwenye kidonda cha kipande kilichokatwa, zikageuza chakula cha chupa kuwa cheusi na kukiua kipande chenyewe. Pia mche ukishapandwa shambani, gome lake huchukua miaka kabla ya kuvunwa, na nguvu ya dawa hutegemea umri, udongo na mvua. Anayetafuta fedha za karo ya muhula ujao asitegemee mti wa gome.

Mambo ambayo chupa haiwezi

Kuna jambo moja ambalo ningependa mrudi nalo nyumbani hata mkiyasahau mengine yote. Chupa huzalisha kile tu ulichokipeleka. Ukipeleka mti mmoja, utapata mti mmoja mara elfu. Yote itapenda udongo ule ule, na yote itaugua ugonjwa ule ule. Ndizi ya Gros Michel, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiuzwa zaidi duniani, ilifutika karibu yote katika mashamba makubwa ya Amerika ya Kati kufikia miaka ya 1960 kwa sababu ya mnyauko wa Panama. Migomba yote ilikuwa pacha, na hapakuwa na hata mmoja uliokuwa tofauti wa kusimama.

Tena baadhi ya miti ya porini ni kama mpapai: dume mbali na jike mbali. Ukijaza shamba kwa watoto wa mti dume peke yake, hutaona tunda wala mbegu maisha yako yote. Kwa hiyo anayekwenda kuchukua ncha achukue kwenye miti mingi, ya sehemu mbalimbali, naye aandike ametoa wapi.

Na miti hiyo mingi iko wapi? Iko Muhaka, Kinondo, Shimba Hills na katika vichaka vilivyobaki kwenye mashamba yetu. Misitu ya kaya ilianza kutangazwa kuwa turathi za kitaifa mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO iliandikisha baadhi yake, Kinondo ikiwemo, katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini iliyoilinda kwanza ni miko ya wazee, kabla ya sheria hizo. Nasikia vijana wakisema kwamba sayansi ikija kaya hazitakuwa na kazi. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Maabara itaijia kaya kutafuta mti mama, na itaijia tena kila watoto wa kwenye chupa watakapoanza kuugua.

Maarifa ni mali

Kuna upande mwingine wa jambo hili. Ili mtu apeleke mmea maabara, sharti kwanza ajue mmea upi unafaa. Anajua kutoka wapi? Kutoka kwenu. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha uchunguzi kuhusu mimea ambayo watu wa Msambweni hutumia kwa malaria. Maarifa ya wazee wa hapa yanasomwa sasa duniani kote.

Si vibaya yakisomwa, lakini tujue haki zetu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali ilinde maarifa ya jadi kuhusu viumbe na mimea. Sheria Namba 33 ya mwaka 2016 inalinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni. Inatambua kwamba maarifa hayo ni ya jamii, kwamba anayetaka kuyatumia apate idhini, na kwamba faida igawanywe kwa haki. Tena inazipa serikali za kaunti jukumu la kuyasajili maarifa yaliyo ndani ya mipaka yao. Hilo ni deni letu sisi tunaokula mshahara wa kaunti, nanyi mna haki ya kutudai. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kusajili si kutoa siri. Mganga halazimiki kutaja kila mchanganyiko wake hadharani. Wazee wakae kwanza wenyewe, wakubaliane kipi kinaweza kuandikwa na kwa jina la nani.

Akija mgeni kutafuta mimea, mpokeeni kwa heshima kama ilivyo desturi yetu, kisha mwombeni vibali. Awe na leseni ya utafiti kutoka NACOSTI. Kama anachukua vipande vya mimea kwa uchunguzi, awe na kibali cha NEMA chini ya kanuni za mwaka 2006. Kama ni ndani ya kaya, awe na ruhusa ya wazee na ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Na makubaliano yenu yaandikwe, msomewe kwa lugha mnayoielewa kabla ya mtu kutia kidole.

Mambo ya kuanza nayo

Sikuja kufungua maabara leo, na sitaki mwende nyumbani mkisubiri maabara. Haya yanaweza kuanza wiki hii.

Kila mganga ataje mimea mitano ambayo anaona inazidi kuwa adimu. Vikundi viiandike kwa majina yetu ya Kidigo, Kiduruma na Kikamba, pamoja na mahali ilipobaki. Orodha hiyo ndiyo itakayotuambia ni mimea ipi ipelekwe maabara na ipi itoshe kitalu.

Miti mama iliyo mashambani mwenu iwekeni alama, na watoto wafundishwe kuijua. Atakayevuna gome avune upande mmoja, ukanda mwembamba, na auache mti upone. Palipo na majani yanayotosha, gome liachwe.

Kikundi chenye kitalu cha mikoko au mikorosho kitenge kitanda kimoja cha miti ya dawa. Anzeni na ile rahisi. Atakayefaulu kuotesha mjafari kwa mbegu au kwa kijiti aandike alivyofanya, tarehe, idadi aliyopanda na idadi iliyoota. Maandishi hayo yatamsaidia mtu wa maabara kuliko mnavyodhani.

Na jambo la afya nisilisahau. Kulinda mti wa dawa si kusema hospitali haina kazi. Homa ya mtoto ipimwe. Ikiwa ni malaria, apewe dawa kamili. Dawa inayotumika leo hospitalini yenyewe ina asili ya mmea, pakanga ya Uchina, ambao Tu Youyou aliuchunguza akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini kiasi chake kimepimwa, na chai ya majani haijapimwa hivyo.

Ndugu zangu, bibi yangu hakuwahi kuona maabara. Lakini aliponiambia nilete majani nisivunje tawi, alikuwa akiniachia mti mama. Sisi tuliouacha ukauke tuna kazi ya kutafuta mwingine, na ningependa tuanze kuutafuta tungali tunao wazee wanaoujua kwa macho. Kwa hiyo kabla hamjaondoka, pale mlangoni kuna daftari. Kila mmoja aandike mmea mmoja anaouhofia. Asiyeandika atamke, tutamwandikia.